Chupa Mbili za Tambiko

Mimi ndiye niliyechora ule mstari mweupe wa chokaa mbele ya karakana yetu ya majeneza pale Teshie, Accra, kwa hiyo mtu asinifundishe habari za moto. Ndani ya mstari hakuna kiberiti, hakuna sigara, hakuna jiko. Hata ukija unalia msiba, ukiwa na sigara mdomoni nakufukuza wewe na msiba wako. Watu walinicheka, wakaniita Bibi Zimamoto. Nikawaambia chekeni tu, angalau mtacheka mkiwa na nyusi zenu.

Kazi yangu ni rangi. Baba anachonga majeneza yenye umbo la maisha ya marehemu, samaki kwa mvuvi, lori kwa dereva, Okpoti anaunga mbao, mimi napuliza rangi mpaka jeneza linang'aa unajiona uso. Na rangi yetu bila thina ya kuizimua haipuliziki. Thina wengi wanaiona kama maji yenye harufu, wanaichezea. Thina si maji. Ukiacha kopo wazi inageuka mvuke usiouona, na mvuke wenyewe ni mzito, haupandi juu kama moshi. Unatambaa chini, unashuka na mteremko, unaingia mtaroni, na ukikutana na kaa la moto hata mbali huko, moto unarudi nao njia ile ile mpaka kwako. Haya nilifundishwa na watu wa zimamoto walipotuita mafundi rangi wote. Wenzangu walisinzia. Mimi nilikaa mbele, nikauliza maswali mpaka mwalimu akaomba maji ya kunywa.

Nikarudi nimewaka. Debe la thina nikaliweka nyuma, kivulini, na kifuniko chake kimekazwa. Matambara yenye rangi yakapata pipa lake la bati lenye mfuniko. Ndoo za mchanga zikasimama mlangoni. Madirisha yakafunguliwa, mengine nikayang'oa kabisa. Okpoti alinitii bila neno. Yeye ni mtu mzima, ana wajukuu, amefanya kazi na baba tangu sijazaliwa, lakini nikimwambia "Kaka Okpoti, tambara hilo," analiokota.

Aliyenishinda ni baba.

Baba yangu, Ataa Borketey kama mtaa mzima unavyomwita kwa heshima ya uzee, alikuwa na chupa yake. Chupa ya kijani, ya pembe nne, ile ya pombe kali tunayotambikia. Kila nyumba Teshie inayo, maana hakuna mtoto anayepewa jina wala maiti inayozikwa bila hiyo chupa kufunguliwa. Sasa yeye chupa ikiisha pombe anaijaza thina ya brashi zake na kuiweka mezani kwake, haina maandishi, haina alama. Kila nikiiona damu inanichemka.

"Baba, thina inakaa kwenye debe lake."

"Debe liko nyuma."

"Si ndiyo maana yake, likae mbali."

"Na mimi niko hapa."

"Basi niite nikumiminie."

"Nikuite wewe? Nimeanza kazi hii mama yako hajaota meno, leo nikuite unimiminie?"

"Baba, mtu akija akainywa je? Hilo jambo tumeshalizungumza."

"Umezungumza wewe."

Ndivyo tulivyokuwa. Naichukua chupa, naimwaga thina debeni, chupa naitupa. Kesho yake nakuta nyingine. Nikasema huyu mzee ni mbishi tu, anataka nione kwamba karakana ni yake. Na kweli ubishi ulikuwa umemzidi. Alikuwa ameacha kuchora macho ya samaki na maandishi, kazi aliyosifiwa nayo mpaka Accra yote. Ananisukumia mimi, anasema macho yamechoka. Chai anataka nusu kikombe, ukimjazia anakasirika. Nikamwambia Okpoti, "Mzee anageuka mtoto." Okpoti akatazama randa yake, akasema, "Muache, Amerley." Nami sikumuacha hata siku moja.

Ndipo likaja jeneza la Tsotsoo.

Tsotsoo alikuwa mshonaji. Nusu ya wanawake wa Teshie wameolewa ndani ya nguo alizoshona yeye, mimi nikiwemo, ingawa ndoa yenyewe haikudumu kama mshono. Familia yake ikataka alale ndani ya cherehani. Tukaifanya cherehani kubwa, nyeusi tii, na gurudumu lake pembeni na maua ya dhahabu ubavuni. Nakuambia ukweli, hatujawahi kutoa kazi nzuri kama ile. Usiku wa kuamkia Ijumaa niliota nimeikanyaga, nikaamka nikaenda kuitazama.

Ijumaa asubuhi familia walikuwa njiani kuja kulichukua, na baba akasema gurudumu halijamridhisha, anataka kuliongeza rangi ya dhahabu kidogo. Nikamwambia liko sawa. Akasema haliko sawa. Akakaa nalo na brashi pana, na chupa yake ya kijani mezani, ubavuni ina alama ya kidole chake cha dhahabu. Nikaiona. Nikatia nia ya kuiondoa akimaliza, maana sikutaka ugomvi siku ile na wageni wako karibu kufika. Kisha nikasikia tarumbeta zao zinakata kona, nikakimbilia kubadilisha nguo.

Walikuja wengi, wamevaa nyeusi na nyekundu tupu. Mbele yao Ataa Sowah, mkubwa wa familia, mzee mrefu amejifunga nguo ya msiba mpaka inaburuta. Kando yake Korkoi, mdogo wa marehemu, mwanamke ambaye hata kusalimia anasalimia kwa kugomba. Chupa yao ya tambiko walikuwa nayo, walikwisha kuifungua nyumbani kwao alfajiri. Korkoi akaiweka mezani ili apate mikono ya kulishika jeneza. Akalizunguka, akalipapasa, akaanza kulia.

"Dada yangu! Tazama, hata sindano wameweka! Mtu akitaka akae ashone!"

"Si sindano tu," nikamwambia nimevimba kichwa, "hata kibweta cha nyuzi kinafunguka."

"Ee Amerley, hapo hujatudanganya. Hapo umefanya kazi."

Nilijiona nimefika. Baba naye alikuwa amejifunga nguo yake nzuri, anatabasamu, anapokea pongezi. Watu walipojaa, Adoley muuza ndizi za kuchoma akaona biashara. Akasogeza jiko lake la mkaa mpaka kandokando ya mtaro, nje ya mstari wangu kwa unywele, lakini upande wa chini wa mteremko. Sikumwona. Bibi Zimamoto alikuwa anasifiwa.

Ataa Sowah akanyoosha mkono. "Nipeni chupa niseme na wenyewe."

Korkoi akageuka mezani, machozi yamemjaa, akachukua chupa ya kijani. Zilikuwa mbili. Pacha. Na usiniulize kwa nini hakuna aliyesikia harufu. Karakana nzima inanuka thina, sisi wenyewe nguo zetu zinanuka thina, mgeni akiingia pua inakufa kabla hajakaa.

Ataa Sowah akavua viatu, akasimama mlangoni, akaanza kuwaita waliotangulia kwa majina. Anaita, anamimina. Watu wanaitikia. Alikuwa mkarimu, Mungu ambariki, hakumimina matone. Alimimina kama mtu anayependa watu wake. Nikaona ardhi inakauka upesi mno. Pombe haikauki namna ile. Nikageuka mezani nikaona chupa iliyobaki, na pembeni yake alama ya kidole cha dhahabu hakuna. Iliyokuwa na dhahabu ilikuwa mkononi mwa mzee.

"Ataa, simama!" nikapiga kelele. "Usimimine!"

Watu wakanigeukia, wamechukia. Nani huyu anakatiza tambiko? Adoley akapuliza mkaa wake. Moto ukatoka mtaroni, mwembamba, wa buluu, ukaja mbio juu ya ardhi, ukapanda nguo ya Ataa Sowah.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka ndoo ya mchanga ilikuwa nyepesi. Nilimwagia mchanga miguuni, Okpoti akaivuta ile nguo ikatoka yote, chupa akaipiga teke mbali uani. Mchanga mwingine tukautupa mlangoni. Moto ulikuwa umelilamba jeneza upande wa gurudumu, rangi ikavimba malengelenge, dhahabu ikawa masizi. Kisha ukazimika. Ataa Sowah, mzee wa watu, alibaki na kaptula mbele ya ukoo wake wote, mguu mmoja umeungua kifundoni, anatetemeka. Mtu akamfunika kanga. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Korkoi ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Mlitaka kumuua! Mmewamwagia wazee wetu sumu! Tuna maiti mmoja nyumbani, mnataka turudi na wa pili?"



"Nani aliweka hicho kitu kwenye chupa ya tambiko?" Ataa Sowah akauliza. Hakupaza sauti. Alikuwa amekalishwa kwenye kiti na mguu wake ndani ya beseni la maji.

Sote wa karakana tulijua. Nikamtazama baba, nikisubiri aseme. Midomo yake ilicheza. Mikono yake alikuwa ameificha ndani ya nguo yake, ameikumbatia kama mtu mwenye baridi. Halafu akageuka.

"Okpoti!" akafoka. "Nimekuambia mara ngapi kuhusu hizi chupa? Mara ngapi?"

Wallahi nilidhani nimesikia vibaya. Okpoti alimtazama baba kidogo tu. Kisha akainama, akavua ndala ya kwanza, akaiweka pembeni, akaanza kuvua ya pili. Kwetu anayeomba radhi kwa wakubwa huenda peku. Alikuwa anakwenda kupiga magoti, mtu mwenye wajukuu, kwa kosa ambalo si lake, na Korkoi ameshaanza kumtukana. "Mbwa wewe! Mzee mzima huna akili!"

Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Na ndani ya aibu ile, nitasema tu, kulikuwa na kitu kingine. Kulikuwa na zile siku zote za "umezungumza wewe". Nilikuwa sahihi, na nilitaka watu wajue.

"Si yeye," nikasema.

"Amerley," Okpoti akasema polepole, "nyamaza."

"Sinyamazi! Si Okpoti. Ni baba. Kila siku namwambia, kila siku naimwaga, kila siku anaijaza. Ni mbishi! Muulizeni!"

Tarumbeta moja ilianguka mahali fulani. Wanawake wakashika midomo. Mtoto hamvui baba yake nguo mbele za watu, na mimi nilikuwa nimemvua mbele ya Teshie nzima. Baba hakunitazama. Alitazama chini, pale mchanga ulipokuwa bado unafuka.

"Ni kweli, Borketey?" Ataa Sowah akauliza.

Baba akavua viatu vyake vya ngozi. Akashusha nguo kutoka begani mpaka kiunoni, kifua chake chenye mvi kikabaki wazi, nikaona amekonda, sijui alikonda lini. Akaenda akapiga magoti mbele ya beseni.

"Ni kweli. Okpoti hana kosa. Nimemsingizia. Nisameheni."

"Mimi mguu utapona," Ataa Sowah akasema. "Lakini waliotangulia nimewaita kwa majina yao, wakaja, nikawapa moto. Hilo siwezi kuliacha hivi. Simama. Chupa yetu ile pale. Mimina mwenyewe, kwa mkono wako, uwaambie."

"Ataa, nakuomba," baba akasema. "Mwingine amimine. Mimi nitasema maneno."

"Aa-a! Mwenye kosa ndiye anayemimina. Hujui mila?"

"Najua. Nakuomba tu."

"Mbona anakataa?" Korkoi akadakia. "Thina unaweza, pombe huwezi?"

Watu wengine wakaguna. Mimi nikasema moyoni, tazama ubishi huo, hata sasa. Nikasema hivyo kweli, moyoni mwangu, nikiwa nimesimama pale na ndoo tupu.

Baba akasimama. Okpoti akamletea ile chupa nyingine, na bilauri ndogo. Akatoa mikono ndani ya mikunjo ya nguo kiunoni.

Ilikuwa inatetemeka. Si kutetemeka kwa hofu. Hofu tuliiona kwa Ataa Sowah. Hii ilikuwa ya kiwiko mpaka vidole, inakwenda yenyewe, haisikii la mwenyewe. Alijaribu kuegemeza mdomo wa chupa kwenye bilauri, chupa ikaanza kugongagonga, kengele ndogo, mtaa mzima unaisikiliza. Pombe ikamwagika kiganjani, ikamwagika tumboni kwake, ndani ya bilauri halikuingia hata tone. Akabana kiwiko ubavuni. Haikusaidia. Akaanza kuita majina huku anamwaga ovyo, na sauti yake ilikuwa nzima kabisa, sauti ya siku zote, na mikono ile chini yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipoelewa lile debe. Debe zito, lenye mdomo mpana, ambalo mimi nilikuwa nimeliweka mbali nyuma na kulikaza kifuniko. Chupa unaizamisha humo inajaa yenyewe, na ina shingo nyembamba, unaweza kuikumbatia kifuani na kuilaza polepole. Nikaelewa macho ya samaki. Nikaelewa chai nusu kikombe. Fundi aliyekuwa anachora kope za samaki moja moja, na alikuwa ananificha mimi, bintiye, maana kila nilipofungua mdomo ilikuwa ni kumgombeza.

Nilitaka kwenda kumshika mkono. Ningemshika kwa uso gani? Aliyekwenda ni Ataa Sowah. Mzee alitoa mguu ndani ya beseni, akachechemea na kanga yake, akaweka kiganja chake chini ya mkono wa baba, akaushika imara. Wakamimina pamoja, jina moja moja, mpaka wakamaliza. Tone la mwisho Ataa Sowah akamnywesha baba, kisha akanywa yeye.

"Yameisha," akasema. "Tumpelekee Tsotsoo nyumba yake."

Nikawaambia niachieni jeneza mpaka jioni, nitalipaka upya, sitaki chochote. Korkoi akakataa. Akavua kitambaa chake kichwani, akakifunga pale palipoungua, akafanya kama shada. "Dada yangu alijua kuficha mshono mbaya," akasema, wala hakuniambia mimi, lakini mimi ndiye niliyepigwa nalo. Wakaondoka. Tarumbeta zilianza tena zilipofika mbali.

Adoley alilia akisema hakujua. Nikamwambia si kosa lako, nenda. Baba alikuwa ameingia ndani, amekaa kwenye benchi lake amenipa mgongo, kifua bado wazi. Okpoti alikuwa anafagia mchanga, angali peku.

"Kaka Okpoti," nikamwambia, "nisamehe kwa alivyokusingizia."

"Hakunisingizia."

"Alikusingizia mbele ya watu wote!"

"Amerley, mimi nilijua wangemwambia amimine. Kila mtu anajua mila hiyo, hata wewe." Akaacha kufagia. "Mikono yangu haitetemeki. Ningemimina, wangenitukana, wangeenda zao. Mbona nilikuambia unyamaze?"

"Ulikuwa unajua? Tangu lini?"

"Tangu ilipoanza."

"Mbona hukuniambia?"

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko matusi yote ya Korkoi. "Aliniapisha," akasema. "Alisema mtu yeyote ajue, isipokuwa wewe. Anakuogopa."

Nilichukua ndoo, nikaenda kuijaza mchanga, maana ndiyo kazi niliyokuwa naijua.

Siku hizi hakuna chupa ya kijani karakanani kwetu. Nilinunua makopo madogo ya bati yenye mdomo mwembamba na kifuniko cha kukaza, nikayapaka rangi nyekundu, nikaandika THINA kwa herufi kubwa, nikayaweka mezani kwa baba. Yamebaki pale pale, hajayagusa. Baba bado anakaa na brashi pana, anapaka matumbo ya majeneza, sehemu zisizotaka mkono wa ufundi. Thina ikimwishia haniiti. Anasukuma tu bakuli lake mpaka ukingo wa meza, anageuza uso dirishani. Nami nakuja, namimina, nakaza kifuniko, naondoka, na hakuna kati yetu anayemtazama mwenzake.